"MTAMBO UMELALA" SI JIBU LA KUMPA MFANYAKAZI



Zamani mfanyakazi akiuliza kwa nini mshahara umechelewa, alijibiwa kwamba bwana mkubwa amesafiri. Siku hizi bwana mkubwa yupo, amekaa ofisini kwake, lakini jibu limebadilika. Tunaambiwa, "Mtambo umelala." Ukienda kuuliza saa zako za ziada, mtambo umelala. Ukipeleka miwa mzanini, unazuiwa juani mpaka miwa inakauka na kupungua uzito, kwa sababu mtambo umelala. Ukifika langoni saa moja kasorobo asubuhi, ukakaa kwenye foleni mpaka saa moja na robo kwa sababu mashine ya vidole haisomi, mwisho wa mwezi unakuta umekatwa. Ukiuliza, sababu ni ile ile.

Nataka kusema jambo moja katika makala haya. Kompyuta za ofisi zikiwa nzito, ipo sababu. Sababu hiyo hutafutwa kwa hatua zinazojulikana, kama vile fundi wa kinu anavyotafuta beringi iliyokufa. Kwa hiyo maneno "mtambo umelala" hayamalizi swali, bali ndiyo yanayolianza. Mwenye wajibu wa kulijibu ni mwenye mtambo. Karani aliyekaa mbele ya mtambo huo hana wajibu huo, na mfanyakazi aliyesimama nje ya dirisha hapaswi kulipia hasara yake.

YANATUHUSU NINI SISI WA MASHAMBANI NA VIWANDANI?

Wako wenzetu watakaosema: hayo ni mambo ya watu wa ofisi. Sisi wa Masafu, Busia na Tororo ni watu wa saruji, wa miwa, wa kupakia na kupakua malori. Kompyuta tunaziona kwa mbali tu.

Tusidanganyane. Fuata njia ya jasho lako. Unaweka kidole langoni. Alama hiyo inapita kwenye waya mpaka kwenye kisanduku ambacho mafundi hukiita swichi, kinachounganisha nyaya za kompyuta zote. Kutoka hapo inakwenda kwenye kompyuta kuu, ambayo huitwa seva, ndiko saa zako zinakohifadhiwa. Karani wa mishahara anazisoma kutoka kwenye seva, anazizidisha kwa kiwango chako cha malipo, anatoa makato, kisha anapeleka hesabu benki au kwenye simu yako. Jasho haligeuki kuwa shilingi mpaka lipite njia hiyo yote. Kikwama mahali pamoja, watoto wanalala na njaa Masafu hata kama baba alimaliza zamu zake zote.

Mpakani ni hivyo hivyo. Tangu 2014, chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mizigo mingi inayokuja Uganda hulipiwa ushuru ikiwa bado bandarini Mombasa. Hati zake zinatangulia kwa mtandao, lori linafuata. Maofisa wa Malaba na Busia huzisoma hati hizo kwenye kompyuta. Mtandao ukiwa mzito, dereva analala barabarani. Mpakiaji anayesubiri lori hilo hapati kibarua cha siku hiyo. Kiwanda kinachongoja malighafi kinawarudisha vibarua nyumbani. Kosa limetokea ndani ya waya, lakini anayekosa unga ni mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

FOLENI YA MALABA INATUFUNDISHA

Sisi wa mpakani tuna mwalimu mzuri wa jambo hili, naye ni foleni ya malori.

Zamani lori lililotoka Kenya lilisimama mara mbili: kwanza upande wa Kenya, kisha upande wa Uganda, na kila upande makaratasi yalikaguliwa upya. Baadaye ukaja utaratibu wa kituo kimoja, ambapo lori husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja. Kituo cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Museveni na Rais Kenyatta. Angalieni, ndugu zangu. Hakuna aliyefunga injini kubwa zaidi kwenye malori ili kupunguza foleni. Waliangalia mahali ambapo lori linasubiri, wakaondoa mojawapo ya vituo hivyo.

Kisha Januari 2022 foleni ilirudi Malaba na Busia, ikaenea kilomita nyingi upande wa Kenya. Barabara ilikuwa ile ile, lango lile lile, malori yale yale. Safari hii sababu ilikuwa amri ya Uganda kwamba kila dereva apimwe Korona na kulipia kipimo hicho, na madereva wakagoma. Mtu aliyeiona foleni kwa macho tu angeweza kusema, "Lango limekuwa dogo, lipanuliwe." Angemwaga fedha bure.

Kompyuta za ofisi ni vivyo hivyo. Uzito unaonekana kwa namna moja, yaani kioo kinaganda na karani anangoja, lakini sababu zinaweza kuwa kumi. Meneja anayenunua kompyuta mpya kabla ya kujua mahali pa kukwama ni sawa na mtu anayenunua lori jipya ili foleni ya Malaba iishe. Lori jipya litasimama nyuma ya yale mengine.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Nimefanya kazi karibu na mafundi wa kutosha kujua kwamba fundi mzuri haanzi kwa kufungua parafujo. Huanza kwa kuuliza. Maswali yenyewe si siri ya wasomi. Mwakilishi yeyote wa wafanyakazi anaweza kuyashika na kuyauliza mbele ya meneja.

La kwanza: ni kompyuta moja au ni zote? Kama ni moja tu, na ya jirani yake inakwenda vizuri, ugonjwa uko ndani ya ile moja au kwenye waya wake. Kama ni zote kwa pamoja, ugonjwa uko kwenye kitu wanachoshirikiana: seva, swichi, au njia ya kutoka nje. Swali hili pekee huondoa nusu ya kazi.

La pili: ni nzito kwa kazi gani? Karani afungue barua iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Ikifunguka haraka, lakini daftari la mishahara lililoko kwenye seva likachukua dakika tano, kompyuta yake ni nzima. Kinachoumwa ni njia au seva. Na kama mambo yote ya ndani ya ofisi yanakwenda vizuri, ila benki tu ndiyo haifikiki, basi tatizo liko nje ya uzio.

La tatu: ni saa ngapi? Ugonjwa wenye saa zake una sababu yenye saa zake. Ukija saa mbili asubuhi na kuondoka saa nne, huenda kompyuta zote zinavuta marekebisho ya programu kwa wakati mmoja zinapowashwa. Hayo yangeweza kupangwa usiku. Ukija saa ya chakula cha mchana, angalieni simu zilizounganishwa kwenye mtandao wa ofisi zikitazama picha za mpira. Hapa na sisi wafanyakazi tuseme kweli: wenye simu hizo ni sisi.

La nne: nini kilibadilika? Jana ilikwenda, leo haiendi. Ni nani aliyeleta mashine mpya, aliyehamisha meza, aliyeongeza waya, aliyeweka programu, aliyechomeka kifaa cha kubebea faili kilichotoka nje? Mafundi wengi watakuambia kwamba swali hili ndilo linaloleta jibu mapema kuliko mengine.

La tano: vipimo vinasema nini? Maneno "naona iko polepole" hayatoshi. Ipo amri ndogo iitwayo ping, ambayo karani anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Inatuma ujumbe mfupi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine na kurudi, kisha inasema safari ilichukua sehemu ngapi za elfu za sekunde, na ni jumbe ngapi zilizopotea njiani. Ndani ya jengo moja, kwa waya mzima, jibu hurudi kwa sehemu moja ya elfu au pungufu. Likirudi kwa mia mbili, au ikiwa ujumbe mmoja katika kila kumi unapotea, ugonjwa uko ndani ya uzio, na hakuna haja ya kumsingizia mwenye kuuza intaneti. Pima kwanza mpaka kwenye swichi au seva, kisha mpaka mlango wa kutokea nje, kisha nje kabisa. Mahali ambapo nambari inaruka ndipo penye foleni.

Baada ya maswali hayo kuna sheria moja: badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kwa kingine. Fundi anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja anaweza kuuponya mtandao, lakini hatajua kilichouponya. Mwezi ujao atarudi kuanza moja.

MAGONJWA YA MAENEO YETU

Vitabu vya kompyuta vingi vimeandikwa kwa ajili ya ofisi zenye zulia na kiyoyozi. Ofisi zetu si hizo. Kwetu kuna mambo ambayo mwakilishi anaweza kuyaona kwa macho yake.

Vumbi na joto. Kompyuta ya kawaida ya ofisi ina feni ya kuupoza ubongo wake. Penye vumbi la saruji au makapi makavu ya miwa, feni hujaa uchafu. Ubongo huo umeundwa kujipunguzia mwendo wenyewe ukipata joto kali, ili usiungue. Ndiyo maana kompyuta inaweza kukimbia asubuhi na kujikokota saa nane mchana. Dawa yake ni kusafishwa kwa ratiba, kama tunavyosafisha mota kiwandani, na kuondolewa dirisha linaloelekea kinuni.

Nyaya. Waya wa shaba wa mtandao umekusudiwa usizidi mita 100. Kiwanda chetu kina lango huku na ofisi kule, basi mtu anaunganisha waya kwa waya mpaka ufike. Ujumbe unapotea njiani, unatumwa tena na tena, na mashine ya vidole inaonekana mbovu kumbe ni nzima. Waya mwingine umefungwa sambamba na nyaya nene za umeme wa mota kubwa, na mawasiliano yanavurugika kila mota inapowashwa. Mwingine umetafunwa na panya, au umebanwa na mlango miaka mitatu. Safari ndefu inahitaji swichi nyingine katikati, au waya wa nyuzi za kioo.

Mzunguko. Mfagiaji anaona waya umelegea chini, anadhani umechomoka, anauchomeka kwenye swichi. Kumbe ncha ya pili tayari iko kwenye swichi hiyo hiyo. Jumbe zinaanza kuzunguka bila mwisho, na kwa dakika chache ofisi nzima inasimama. Usimlaumu mfagiaji. Swichi ilipaswa kuwa ndani ya kabati lenye kufuli, na zipo swichi zinazojikinga na kosa hilo.

Diski na kumbukumbu. Kompyuta ya miaka kumi ambayo diski yake imejaa na kumbukumbu yake ni ndogo haiwezi kubeba programu za leo. Lakini mara nyingi kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka ile isiyozunguka, pamoja na kuongeza kumbukumbu, kunagharimu kidogo kuliko mashine mpya. Meneja anayesema hana fedha za kompyuta mpya aulizwe kama amewahi kujaribu hilo.

Mabati. Mtandao usiotumia waya haupendi mabati wala kuta nene. Ofisi ya mahudhurio ikiwa ndani ya kontena au banda la mabati, mawimbi yanaingia kwa shida. Avute waya.

Njia ya nje. Hapa haki itendeke. Kuna siku ambapo kosa haliko kwa mwajiri hata kidogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Na mahali panapotumia zile setilaiti za juu kabisa, zilizo kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde hata kama kila kitu ni kizima.

Lakini hata siku hiyo swali lipo. Lango liko Tororo, mfanyakazi yuko Tororo, karani yuko Tororo. Kwa nini saa za mfanyakazi zilazimike kuvuka bahari kwanza ndipo zirudi Tororo? Aliyechagua utaratibu huo ni mwajiri. Kama aliuchagua kwa sababu ni rahisi kwake, basi na gharama ya siku ya kukwama iwe yake.

KARANI ASIBEBESHWE MZIGO WA MASHINE

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Mtandao ukiwa mzito, mtu wa kwanza kutukanwa ni karani. Wafanyakazi wanampigia kelele dirishani, meneja anampigia kelele ndani. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na mara nyingi hana fundi wa kumwita.

Tena uzito huzaa makosa ya hesabu. Karani anabonyeza, kioo kinaganda. Anabonyeza tena. Mashine ikizinduka, inaweza kuandika mara mbili kile alichotaka kuandika mara moja. Mkopo wa chama cha akiba unakatwa mara mbili. Magunia 50 yanakuwa 100. Kisha ghala linahesabiwa, magunia hayapo, na karani anaitwa mwizi.

Msidhani ninatunga. Nchini Uingereza shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha kwenye posta ndogo ndogo. Waendeshaji wa posta hizo waliposema kwamba kosa ni la mashine, hawakusikilizwa. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani mahakamani. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni ambalo halikuwapo, na wako waliojiua.

Mwaka 2015 katika posta ya Dalmellington, Uskoti, mwendeshaji alikuwa akiingiza pauni 8,000. Kioo kiliganda, akabonyeza tena na tena. Mfumo ukaandika kila mara alipobonyeza, jumla pauni 32,000, na hesabu ikaonyesha kwamba anadaiwa pauni 24,000. Hakuna aliyeiba hata senti.

Wengi wao wamesimulia kwamba kila mmoja aliambiwa ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Hapo ndipo walipopigwa. Kila mtu alikuwa peke yake na karatasi ya mashine, na mahakama ziliamini mashine. Mambo yaligeuka walipokusanyika pamoja, wakaweka kumbukumbu zao mezani na kufungua kesi ya pamoja. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo, na 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa pamoja. Miaka 25 tangu mfumo uanze!

Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye mawakili wengi na magazeti mengi, karani wa mzani wa hapa kwetu atasalimika vipi akiwa peke yake?

WAAJIRI WANASEMAJE?

Mwajiri atasema kwamba kompyuta zilikuja kuondoa udanganyifu. Ni kweli, nasi tukubali. Enzi za daftari la nyapara tunazikumbuka. Nyapara alimwandika ndugu yake ambaye hakuja kazini, na akamsahau aliyekataa kumnunulia pombe. Kulikuwa na wafanyakazi hewa waliopokea mishahara. Mashine ya vidole haijui kabila wala haiombi chochote. Sisi si maadui wa kompyuta, na atakayekwenda kukata nyaya hasemi kwa niaba yetu.

Atasema pia kwamba mafundi ni ghali. Huenda. Lakini kinu kikisimama saa moja, fundi anaamshwa usiku wa manane na gari linatumwa kumchukua, kwa sababu hasara ni ya kampuni. Mtandao wa mishahara ukisimama siku tatu, hakuna anayeamshwa, kwa sababu hasara ni yetu. Siku hasara itakapokuwa ya kampuni, fundi atapatikana. Huo ndio msingi wa madai yetu.

MADAI YETU

Kwanza, pawe na daftari la karatasi langoni na mzanini. Mashine ikigoma kwa dakika tano, liandikwe jina, saa na uzito, mfanyakazi na msimamizi waweke sahihi, na karatasi hiyo iwe na nguvu sawa na ya mashine. Tarehe 19 Julai 2024, marekebisho mabaya ya programu ya kampuni moja tu, CrowdStrike, yalisimamisha kompyuta zinazokadiriwa kufika milioni 8.5 duniani. Kule India abiria waliandikiwa kadi za kupandia ndege kwa mkono, wakasafiri. Ikiwa ndege iliruka kwa kalamu, zamu ya asubuhi haishindwi kuandikwa kwa kalamu.

Pili, saa ya mfanyakazi ihesabiwe tangu alipofika kwenye foleni ya lango. Saa ambayo mashine iliamka haituhusu. Na mashine zote zisome saa moja, kwa kuwa lango likitangulia ofisi kwa dakika kumi, dakika hizo zinatoka mfukoni mwa mtu.

Tatu, ofisi iweke kitabu cha matatizo ya mtandao: tarehe, saa, kompyuta ipi au zote, kazi gani ilikuwa nzito, nini kilifanywa, nani alifanya. Mwakilishi wa wafanyakazi awe na haki ya kukisoma. Kitabu hicho ndicho kitakachomwokoa karani siku atakapoitwa mwizi.

Nne, tarehe ya mshahara isisogezwe kwa sababu ya mtandao. Hesabu ikichelewa, kila mtu alipwe mshahara wake wa msingi kwa kiwango cha mwezi uliopita, na saa za ziada zirekebishwe hesabu ikipatikana.

Tano, karani asikatwe fedha wala kusimamishwa kwa upungufu ulioonyeshwa na mashine mpaka kumbukumbu za mashine yenyewe zimekaguliwa na mtu asiyekuwa muuzaji wa mfumo huo, mbele ya mwakilishi wa chama.

Sita, makarani wafundishwe maswali matano na vipimo vile, kwa muda wa kazi na kwa gharama ya mwajiri.

Sheria haiko mbali nasi katika madai haya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya mshahara wake pamoja na makato, na zote zinaweka mipaka ya makato yanayoruhusiwa. Tena nchi zote mbili zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu binafsi mwaka 2019. Chini ya sheria hizo una haki ya kujua taarifa zako zinazohifadhiwa, na ya kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Saa zako za langoni ni taarifa zako. Omba uzione.

TUANZE WAPI?

Ndugu zangu, tusingoje makao makuu. Katika mkutano ujao wa tawi, tuchague watu wawili: mmoja wa kiwandani au shambani, mmoja wa ofisini. Karani awe mmoja wao, maana yeye ndiye anayeuona ugonjwa kila siku, na akiona tuko upande wake atatuambia ukweli ambao hawezi kumwambia meneja. Wapewe daftari la mia moja tu la dukani. Kila mtambo unapolala, waandike tarehe, saa, na majibu ya yale maswali matano. Kwa mwezi mmoja wasigombane na mtu. Waandike tu.

Mwisho wa mwezi wapeleke daftari kwa meneja. Kama mtandao ulikuwa mzito siku tisa, na siku saba kati ya hizo ilikuwa saa mbili asubuhi, na kompyuta zote zilikuwa nzito kwa pamoja, hapo hawezi tena kusema "mtambo umelala". Atalazimika kusema ni kitu gani, na ni lini kitatengenezwa. Asipotengeneza, daftari hilo hilo ndilo litakalokwenda na chama kwenye meza ya majadiliano, kisha kwa ofisa wa kazi.

Mwaka baada ya mwaka tumejifunza kusoma mizani ili tusipunjwe, na kusoma hati za mshahara ili tusikatwe ovyo. Sasa tujifunze kuuliza mtambo umelala wapi, tangu lini, na kwa sababu gani. Anayeuliza peke yake ataambiwa arudi kesho. Tukiuliza wote, na daftari mkononi, tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.